Ekari ilikotoka

Mteja akiingia dukani kwangu hapa Ngaramtoni, tukishamaliza kusalimiana neno linalofuata huwa ni ekari. "Mama, nina ekari moja na nusu ya mahindi, nibebe mbegu kiasi gani?" Tunapiga hesabu ya kilo 10 kwa ekari. Ambaye shamba lake halijapimwa anahesabu hatua 70 kwa 70, basi, hiyo ndiyo ekari yake. Kutwa nzima tunalitaja neno hili, na tangu nijue lilikopita nimekuwa natamani kila anayenunua mbegu ajue pia.

Sisi tulilipata kwa Waingereza, acre. Wajerumani husema Acker, shamba la kulima. Warumi wa kale walisema ager, Wagiriki agros. Ukiishia hapo unaweza kusema ni majirani tu, wameazimana. Lakini Kisanskriti, lugha ya kale ya India, nacho kina ajra. Mwaka 1786 mjini Calcutta, jaji mmoja Mwingereza, William Jones, alisimama mbele ya wenzake akasema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kuwa ni bahati tu. Lazima vimetoka chimbuko moja, ambalo huenda halipo tena. Wataalamu waliomfuata wakalinganisha sauti kwa sauti, na leo ukoo huo wa lugha za Kihindi-Kiulaya unaanzia Ireland hadi Bangladesh. Kigujarati unachokisikia kwenye maduka ya mjini Arusha kimo.

Sasa, ajra ya Kisanskriti si shamba. Ni uwanda, ardhi wazi isiyolimwa. Na mzizi wake ni kuswaga: Kilatini agere, Kisanskriti ajati, kuwapeleka wanyama mbele yako. Kwa hiyo ekari, hii tunayoikatia hati na kuigombania mahakamani, inaelekea ilianza kama mahali pa kuswagia ng'ombe. Waliokwenda magharibi wakazama kwenye kilimo, na neno likageuka shamba pamoja nao.

Maneno mengine yanasimulia hivyo hivyo. Ng'ombe yupo pande zote: Kigujarati gay, Kiingereza cow, Kigiriki bous, mzizi mmoja. Kondoo vilevile, Kilatini ovis na Kisanskriti avi. Ukija kwenye kulima kwa plau, Kilatini kina arare, Kigiriki aroo, Kilithuania arti, lakini upande wa India na Uajemi mzizi huo hauonekani. Wengi wanasema wazee wa ukoo huu walikuwa wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, miaka 5000 hivi iliyopita. Mwaka 1987 Colin Renfrew, mwanaakiolojia Mwingereza, alipinga, akasema walitokea Anatolia, Uturuki ya leo, wakiwa wakulima tayari. Mimi niko na wale wa nyika. Nimekulia chini ya Mlima Meru, na Waarusha ninaowauzia mbegu wanazungumza Kimaa kama ndugu zao wafugaji wa kule Monduli, ila wao wana migomba, mahindi na maharage. Watu kutoka kwenye mifugo wakaingia kwenye jembe huku lugha yao ikibaki ile ile, hilo halihitaji kunishawishi.

Nira ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Kisanskriti yugam, Kigiriki zugon, Kilatini iugum, Kiingereza yoke, na kwenye vibao vya udongo vya Wahiti, watu wa kale wa Anatolia, yukan. Wahiti ni tawi lililojitenga mapema sana, kwa hiyo wanyama walikuwa wanafungwa nira kabla ukoo haujatawanyika. Hata yoga imo humo. Maana yake ni kuunganisha.

Kwetu rafu ya vifaa nayo ina historia yake. Jembe na kulima ni vya Kibantu chenyewe: Mkikuyu anasema kurima, Mshona kurima, Mzulu ukulima, umbali wote huo. Lakini nira tumeitoa kwa Waarabu, na plau kwa Waingereza. Babu zetu walilima kwa mikono, si kwa maksai, na maneno hayajaficha.

Na neno plau lenyewe si la zamani hata kwa Waingereza. Zamani kulima kwao ilikuwa ear, mzizi ule ule wa arare. Plough likaja baadaye likalisukuma nje, hadi leo Mwingereza ukimwambia ear anafikiria sikio. Ila fungua Biblia yao ya mwaka 1611, Mwanzo 45:6, Yusufu anapowaeleza ndugu zake miaka ya njaa: neno lililotumika pale kwa kulima ni earing. Kwa Walithuania bado li hai, mkulima akiingia shambani leo anasema arti.