Jinsi nilivyotuliza kichwa kwa kukimbia

Wanaume wenzangu wa Kampala, kama usiku kichwa hakilali someni hii. Baada ya kufiwa na kaka yangu nilikuwa naamka saa tisa usiku moyo unadunda, na mwanaume akilia anaambiwa jikaze tu. Kilichonisaidia ni kukimbia polepole alfajiri, nateremka kilima cha Naguru napanda kile cha Kololo bila muziki masikioni, navuta pumzi hatua tatu natoa hatua nne, maana ukitoa pumzi taratibu mapigo ya moyo yanashuka, mawazo yakija nayaacha yapite narudi kusikiliza miguu. Si lazima spidi ya Cheptegei, bingwa wetu wa mbio ndefu, jamani, kimbia ile unaweza kuongea. Usingizi umerudi. Ila ukianza kufikiria kujiua, mbio pekee hazitoshi, nenda hospitali ya Butabika hapa Kampala, wana madaktari wa akili.