Elfu tano ya mlango

Nauli ya Msata niliilipa bila kinyongo. Kilichonishinda Bagamoyo ni bei ya mlango. Si ya kuununua, ni ya kuupiga picha: shilingi elfu tano, na bibi aliyeketi barazani aliitaja huku anachambua mchele, hata macho hakunyanyua.

Nilikuwa nimetoka Tanga kwa basi, nikashuka Msata, na zile kilomita 64 za lami hadi baharini nikazimaliza ndani ya Noah, abiria wanne kwenye kiti cha watatu. Nyumba ya wageni niliyolala sitaitaja. Chandarua kilikuwa na matundu, na feni ilikuwepo ili kuongeza bei ya chumba tu, maana haikuzunguka.

Mtaa wa India unakwenda sambamba na ufukwe. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika huku na pembe za ndovu kutoka bara, na wengi waliokopesha mtaji wa misafara hiyo walikuwa Wahindi, duka chini, familia juu. Wajerumani nao walipafanya makao makuu ya koloni lao mpaka 1891, wakahamia Dar es Salaam. Boma lao kubwa walilijenga 1897, mji ukiwa umeshavuliwa cheo, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa vizuri.

Kijana mmoja alijibandika kwangu. "Kaka, hapa ndipo alipoanguka Emin Pasha." Emin, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, ni kweli alianguka. Desemba 4, 1889, mpelelezi Stanley akiwa ndiyo kwanza amemfikisha pwani kutoka bara, Wajerumani waliwaandalia karamu, na Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akadondoka kutoka dirisha la ghorofani. Aliumia kichwa vibaya, akapona. Ila kwa kijana wangu alianguka kila tulipopita chini ya ghorofa. Tulipofika kwenye shule aliyoijenga Sewa Haji, akapita tu. Mimi nikasimama. Jina hilo kila aliyewahi kuuguza mtu Muhimbili analijua, kwa jengo la Sewahaji, lakini wachache wanajua kwamba mwenyewe alikuwa tajiri wa mtaa huu, na kwamba shule hiyo aliitoa kwa sharti isibague watoto kwa rangi. Nikampa kijana chake, tukaachana.

Ndipo nikauona mlango. Mbao nzito, maua yamechongwa kwenye fremu mpaka juu, na chini mchwa wameshaanza kazi. Nikatoa simu.

"Elfu tano," bibi akasema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Elfu tano."

Nikamwambia mimi si mzungu, natoka Tanga hapo. Akasema Tanga si hapo. Nikasema picha haipunguzi mlango. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, unajua chokaa inauzwaje? Boriti za mikoko je? Ukuta huu ni mawe ya matumbawe. Mwanangu wa kwanza alinipigia plasta ya saruji, akaniambia mama sasa umepata nyumba. Mvua mbili, plasta yote chini, na chumvi imejaa ukutani. Saruji inaziba, ukuta unashindwa kupumua. Fundi wa chokaa nimemtafuta, nikampata mzee kama mimi, anataka hela kama kijana. Nikitaka kubomoa nijenge ya bloku, naambiwa hii ni historia. Haya, historia ni ya wote. Kupaka chokaa ni kwangu peke yangu?"

Sikuwa na jibu. Kuna mtu huja kila mwaka, akaniambia, anataka kuununua mlango, na kila mwaka anapandisha dau. Tukashuka mpaka elfu mbili kwa sharti nikae ninywe chai, na chai ikaja na kitumbua cha moto ambacho hakikuwa na bei.

Nikajikuta nawaza Ngamiani, kwetu, ambako barabara tunaziita kwa namba na hakuna mtalii anayepiga picha kitu. Nyumba ya babu ilikuwa na mlango wa kuchongwa pia, mdogo kuliko huu, wenye pete ya shaba tuliyoigonga watoto mpaka tukachapwa. Baba aliuuza. Alikuja mnunuzi wa vitu vya kale na kipikapu, wakapatana jioni, asubuhi mlango haupo. Hela zile zililipa ada yangu ya sekondari, kwa hiyo sijawahi kumlaumu kwa sauti.

Nikamsimulia bibi.

"Mkaweka nini?"

"Geti."

"La chuma?"

"La chuma. Jekundu."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Akafuta machozi, akaivuta simu yangu mkononi akague picha, akapekua kwa kidole haraka kuliko nilivyotegemea.

"Umepiga mbili," akasema. "Lete elfu mbili nyingine."