Mtindo wangu haukuja wenyewe, niliufuata

"Soma sana, andika sana, mtindo utakuja wenyewe." Kila niliyemuuliza nitapataje mtindo wangu wa kuandika alinipa jibu hilo hilo, na mpaka leo nikilisikia nakunja uso. Nilisoma, nikaandika, na kilichokuja ni lugha ya risala: "Napenda kuchukua fursa hii kuelezea suala zima la..." Suala zima! Nani anaongea hivyo nyumbani kwake?

Mwingine, mtu wa kuheshimika kabisa, akaniambia shida yangu ni msamiati. Basi nikaivamia kamusi. Jua likawa shamsi, kijana akawa ghulamu, mtu akawa adinasi. Kila aya niliifunga kwa methali, hata isiyohusu. Nikampa rafiki yangu hadithi ya mtoto aliyepoteza kiatu. Akasoma ukurasa wa kwanza, akainua macho, akaniuliza kwa upole kabisa: hii ni utenzi au barua ya posa? Na kiatu chenyewe kiko wapi? Kiatu nilikuwa nimekiweka ukurasa wa tatu, nyuma ya shamsi.

Kilichonitoa ni simu. Kulikuwa na kisa kilichogoma kuandikika, nikamsimulia mwenzangu kwa mdomo huku simu ikirekodi, kisha nikakinakili neno kwa neno, pamoja na "yaani" zote. Gharama yake betri na jioni nzima, na vidole vinauma. Ila ndipo nilipojiona. Kumbe nikisimulia naanza na kitendo, mwenyewe anafuata: "Akaingia mzee mmoja, hana haraka." Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika: "Mzee mmoja ambaye hakuwa na haraka aliingia ndani." Habari ile ile, lakini ya pili ingeweza kuandikwa na yeyote. Nikaona pia kwamba napenda kuzimwaga -ka- mfululizo, akaketi, akatazama, akaguna, halafu nakata. Kimya.

Usinielewe vibaya, maongezi yaliyonakiliwa hayasomeki. Mtu anajirudia, anaacha sentensi hewani. Nilichobeba ni mpangilio na mapigo tu; zile "yaani" nilizifyeka, nikabakiza moja moja panapouma.

Na "ambaye" simchukii. Ana kazi yake, hasa kwenye wakati wa -me-, maana pale huwezi kuchomeka -ye- katikati ya kitenzi. Lakini "kitabu ambacho nilikisoma" kikiweza kuwa "kitabu nilichosoma", nachukua kifupi, sijiulizi mara mbili.

Zoezi la pili nililiiba kwa Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa karne ya 18. Akiwa kijana alichukua makala za jarida la Spectator la London, akaandika vidokezo vya kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuziandika upya na kulinganisha na zenyewe. Yeye alikuwa akitafuta makosa yake ayarekebishe. Mimi nikaligeuza: pale nilipoachana na mwandishi ndipo nilipopigia mstari. Mwandishi kaeleza chumba kwa rangi za kuta na pazia. Mimi, kila nikirudia, bawaba inalia, mtu anakohoa chumba cha pili, sufuria inafunikwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naandika kwa masikio. Siku hizi nikikwama najiuliza kwanza hapo panasikika nini, na mara nyingi mlango unafunguka.

Kwa zoezi hilo chukua mwandishi unayemheshimu tu, usichukue unayempenda. Ukimpenda atakumeza, utamaliza mwaka ukiandika vitabu vyake.

Nina mhariri mmoja ambaye kila akipata "Akaingia mzee" ananirudishia "Mzee aliingia". Nami nairudisha ilivyokuwa, naiandikia neno moja pembeni: acha. Mara ya mwisho aliacha, ila alininyang'anya koma.