Karani wa ghala na mlango unaohesabu

Watu wakisikia kwamba ghala letu hapa Unguja linahesabu mizigo kwa mawimbi ya redio, hudhani kuwa karani hana kazi tena ila kukaa chini ya feni na kutazama kompyuta. Mjomba wangu huniuliza kila Ijumaa kama bado nalipwa mshahara. Kwa ajili yake, na kwa wenziwe, naieleza hapa siku yangu ya Jumatano iliyopita kama ilivyokwenda.

Saa 12:30 asubuhi nilipanda daladala ya 502 hapo Bububu, na saa 1:00 nilikuwa Maruhubi nimeshafungua ghala na kuwasha antena nne za mlangoni. Mpaka saa 3:00 tulipokea mchele na unga kutoka bandari ya Malindi, tukabandika lebo, na magunia yote yakahesabika bila ya usumbufu, kwani kitu kikavu hakina ugomvi na mashine.

Lebo yenyewe ni karatasi nyembamba yenye utepe wa madini uliopindwapindwa, na katikati yake kichembe kidogo kuliko punje ya mchele. Haina betri. Antena ya mlangoni inapotoa mawimbi, lebo hupata nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo na kujibu kwa kutaja namba yake. Si lazima mashine iione, kama inavyolazimika kuiona ile mistari myeusi ya bidhaa za dukani, na mamia ya lebo huweza kujibu ndani ya sekunde moja. Hayo ndiyo yanayotangazwa. Yasiyotangazwa ni kwamba maji huyanywa mawimbi hayo na chuma huyarudisha, na ghala linalohudumia mahoteli limejaa chupa za maji na makopo.

Saa 4:15 akaja kijana wa manunuzi wa hoteli moja ya shamba, nje ya mji, kuchukua katoni 60 za maji. Paleti ilipopita mlangoni, kompyuta iliandika katoni 38 za maji na 4 za nyanya ya kopo ambazo hakuziagiza. Nilijua papo hapo kilichotokea: katoni za katikati zilizibwa na maji ya wenzao, na makopo yaliyopangwa karibu na mlango yaliyarusha mawimbi mpaka yakazifikia lebo ambazo hazikuwa safarini. Yeye hakutaka kujua.

"Dada yangu, mashine yenu wenyewe imesema 38. Mnataka kuniuzia hewa?"

"Kaka, zihesabu kwa macho, ziko 60."

"Macho yangu hayatoi risiti."

Basi tukaishusha paleti yote. Ami mmoja, hamali wa siku nyingi ambaye hubeba katoni mbili mbili begani, alizipanga chini safu kwa safu, nami nikazigeuza moja baada ya moja ili lebo zitazame nje, kwa sababu tunazibandika usawa wa shingo za chupa, penye hewa kidogo, na zikielekezwa ndani zinanyamaza. Kisha nikapita na kisomaji cha mkononi, nikiinama kila safu. Tulikuwa katikati ya kazi hiyo umeme ulipokatika. Jenereta yetu ni ya chumba cha baridi tu, kwa hiyo feni zikasimama, na mabati ya juu yakaanza kutushushia joto lake lote. Kisomaji kina betri yake. Kikafika 59, na hapo kikagoma.

Katoni ya 60 ilikuwepo, nimeishika kwa mikono yangu, lakini haikuwa na lebo. Nilijitolea kuandika namba kwa kalamu na kutia saini. Akakataa, akampigia simu bosi wake, bosi naye akakataa. Kuchapisha lebo mpya kunahitaji umeme. Tukakaa. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakaenda kusali wakarudi, yeye akala urojo wake garini huku amefunga vioo, na mimi nikanywa maji ya moto ya chupa yangu nikiwaza kwamba zamani, kwa daftari na peni, mtu huyu angekuwa ameshafika hotelini. Lakini zamani hiyo hiyo kuhesabu ghala zima kulituchukua siku mbili, na hesabu haikuwa ikilingana hata mara moja. Umeme uliporudi nilichapisha lebo, nikaibandika, kikasoma 60, akatia saini bila ya kuniangalia.

Alasiri sikumbuki saa zake. Kulikuwa na mafuta, sabuni, na gari mbili za Paje.

Tulipokuwa tunafunga, nikiwa nimeshaizima taa ya ofisi, mlango ukalia. Ami alikuwa anatoka kifua wazi, fulana ameishika mkononi, anaipunga kujipepea. Nilipoikunjua nikaiona lebo imeganda begani mwa fulana hiyo. Kutwa nzima ilikuwa imebanwa kwenye mwili wake uliolowa jasho, na mwili nao ni maji, ndiyo maana kisomaji hakikuisikia.

"Mwanangu, mimi mwizi?" akauliza, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kompyuta ilikuwa imeshaandika kwamba katoni moja ya maji imetoka ghalani saa 11:40 jioni. Nikarudi ofisini kuwasha taa.