Safu Zilizofichwa: Uzoefu Wangu wa Kulinda Taarifa za Wanafunzi na Watumishi Shuleni

Nilikabidhiwa jukumu la kusimamia faragha ya taarifa shuleni kwetu baada ya kosa nililolifanya mwenyewe. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa taaluma, na jioni moja nilituma orodha ya wanafunzi wa darasa moja katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi ili kila mzazi ahakiki namba yake ya simu na tahajia ya jina la mtoto wake. Usiku ule mama mmoja alinipigia simu. Hakupandisha sauti, aliniuliza tu, "Mwalimu, imekuwaje wazazi wenzangu wanajua dawa anazotumia mwanangu?"

Nilifungua faili nililokuwa nimelituma na kuliangalia upya. Lilikuwa jedwali la kompyuta ambalo kila safu wima ina herufi yake juu, na herufi hizo zilitoka D zikaruka hadi K. Kati yake palikuwa na safu sita ambazo nilizificha kabla ya kutuma, nikiamini kwamba kilichofichwa hakipo: hali ya afya, dini, deni la ada, jina la mlezi aliyeteuliwa kisheria, anwani ya nyumbani na maoni ya mwalimu mshauri. Mzazi mmoja aliona herufi hazifuatani, akabofya mara mbili, na safu zote zikajitokeza. Hakuwa na nia mbaya, na hakuna nywila yoyote iliyovunjwa. Shule yenyewe ndiyo iliyotoa taarifa zile kwa mkono wake.

Niliufuta ujumbe papo hapo, ingawa nilijua kwamba kufuta ujumbe hakulirudishi faili ambalo watu wameshalipakua. Asubuhi nilimweleza mkuu wa shule, kisha tukamwandikia kila mzazi ambaye taarifa za mtoto wake zilikuwamo, tukitaja bayana ni taarifa zipi zilizoonekana na kwa muda gani, na tukawaomba waliolipakua faili walifute. Baadhi ya wenzangu walishauri tukae kimya kwa kuwa wazazi wengi hawakuwa wamegundua chochote. Sikukubaliana nao wakati ule, na hadi leo sikubaliani nao. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ijulikanayo kama GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, zimeweka saa 72 kuwa muda wa kuiarifu mamlaka ya ulinzi wa data pale uvujaji wa taarifa unapohatarisha watu. Uzito wa saa hizo niliuelewa kwa mama yule, ambaye kwa kujua mapema aliweza kuzungumza na mwanawe nyumbani kabla mtoto hajaulizwa na wenzake darasani.

Mkuu wa shule aliponiomba nitafute suluhisho, wengi walitarajia nilete programu mpya. Mimi nilianza na daftari. Kwa majuma mawili nilipita ofisi kwa ofisi nikiuliza maswali yaleyale: mnakusanya taarifa gani, za kazi gani, zinakaa wapi, nani anaziona, na zitaondolewa lini. Swali la mwisho ndilo lililowashinda wengi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria kwamba taarifa nazo zina siku ya kuondoka. Tulikuwa na fomu za afya za wanafunzi waliohitimu miaka mingi iliyopita, zimefungwa kamba ndani ya kabati ambalo kitasa chake kilikuwa kibovu.

Jambo lililoniuma zaidi nililikuta darasani. Ili kutumia karatasi vizuri, tulikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi karatasi zilizochapwa upande mmoja wakafanyie hesabu za majaribio. Mtoto mmoja alikuwa akigawanya namba kwa utulivu kabisa, na nyuma ya karatasi yake palikuwa na hati ya mshahara ya mwalimu aliyesimama mbele yake, yenye makato ya mkopo na namba ya akaunti ya benki. Nilimwomba karatasi ile, nikampa nyingine safi. Tangu siku hiyo karatasi yoyote yenye jina la mtu, hata jina moja tu, inachanwa kwenye mashine iliyowekwa ofisi ya karani.

Ninalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo ya faragha shuleni huishia kwa wanafunzi na kuwasahau watumishi. Mwalimu naye ana cheti cha ugonjwa alichokileta kuombea ruhusa, ana faili la nidhamu, na ana anwani ambayo pengine hataki ijulikane. Tulikuta vyeti vya ugonjwa vimebandikwa ndani ya kitabu cha mahudhurio ambacho kila mtu hukifungua asubuhi. Sasa kitabu kinaonyesha kwamba mtumishi ana ruhusa, basi. Sababu yake inabaki kwenye faili lake kwa mkuu wa shule.

Kazi iliyoleta manufaa makubwa kuliko zote ilikuwa kupunguza fomu ya kujiunga. Tuliketi na walimu na wajumbe wawili wa wazazi, tukapitia kipengele kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja mtu alipaswa kueleza ni nani anayekitumia na kwa lipi. Kazi ya baba, kabila na kiwango cha elimu cha mzazi havikupata mtetezi, vikaondolewa. Kipengele cha afya kilibaki, kwa kuwa mwalimu wa zamu asiyejua kwamba mtoto ana pumu anaweza kumchelewesha kupata msaada. Lakini kilihamishiwa kwenye karatasi ya pekee inayotunzwa na muuguzi, na mwalimu wa darasa huelezwa tu lile analohitaji ili amsaidie mtoto. Tangu hapo nimeshika msimamo mmoja: taarifa ambayo hatukuikusanya haiwezi kuvuja.

Upande wa kompyuta haukuhitaji mambo makubwa. Nywila moja iliyotumiwa na ofisi nzima, na kuandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini, ilifutwa, na kila mtumishi akapata akaunti yake yenye uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pekee haitoshi kuifungua. Tulizifunga akaunti za walimu walioondoka. Mmoja alikuwa ameondoka karibu miaka miwili nyuma na bado angeweza kuona alama za kila mwanafunzi. Ninapotuma orodha sasa, ninanakili safu ninazohitaji tu kwenye faili jipya, kisha ninalifungua kwenye kifaa kingine nione atakachokiona mpokeaji.

Katikati ya kazi hiyo alikuja mfanyabiashara wa mashine za kuchukua mahudhurio kwa alama za vidole. Alieleza vizuri, na baadhi yetu tulivutiwa, maana kuita majina kunakula muda wa kipindi. Nilipinga. Nywila ikivuja hubadilishwa, lakini kidole cha mtoto hakibadilishwi. Niliwaeleza wenzangu kwamba mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uswidi iliitoza bodi ya shule ya manispaa ya Skellefteå faini ya krona 200,000 kwa kujaribu kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa teknolojia ya kutambua sura. Wazazi walikuwa wameridhia, lakini mamlaka haikuikubali ridhaa hiyo, kwa sababu mwanafunzi yuko chini ya shule na hayuko huru kweli kukataa. Hoja hiyo ilitugusa, kwa kuwa hata fomu zetu za ridhaa ya kupiga picha zilikuwa na nafasi ya "ndiyo" peke yake. Mashine hatukuinunua, na fomu ya picha tuliirekebisha ili mzazi aweze kukataa bila kuulizwa sababu.

Si kila mtu alifurahi. Walimu kadhaa waliona kwamba ninawashuku, na ilinichukua vikao kadhaa, nikianza kila mara kwa kusimulia kosa langu la safu zile sita, hadi tukaelewana. Lililobaki gumu ni simu binafsi za walimu, zenye picha za karatasi za alama, ujumbe wa wazazi kuhusu matatizo ya nyumbani na majina ya watoto waliougua. Tumekubaliana kwamba mwisho wa kila muhula tunaketi pamoja kwa saa moja, kila mtu akiwa na simu yake mkononi, tunapitia picha na mazungumzo na kufuta yasiyohitajika tena. Muhula uliopita walihudhuria zaidi ya nusu ya walimu, nami ninaendelea kuwafuata waliobaki, mmoja mmoja.