Etaji 14 nyuma ya barza

Patron wangu anataka kusimamisha jengo la etaji (ghorofa) 14 mjini kati, hapa Lubumbashi, kwenye lupango (kiwanja) wa kona wenye duka la zamani. Ni fleti za wenye pesa: foraji (kisima cha kuchimbwa), jenereta mbili, lifti mbili, walinzi usiku na mchana. Sharti lake kwangu mimi mchora plani ni moja: jengo liheshimu mji. Sharti zuri, ila kila mtu analisoma anavyotaka.

Yeye alilisoma hivi: tubandike matofali mekundu juu ya zege, lifanane na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na mlangoni tuweke matao. Nilikataa. Matofali ya kanisa lile yanabeba ukuta. Yetu yangekuwa ngozi tu. Claude Strebelle alipojenga teatro mwaka 1956, hili tunaloliita Jengo la Juni 30, hakuiga kanisa. Nilimwonyesha pia picha ya Torre Velasca ya Milan, etaji 26, ofisi chini na makao juu. Ilipomalizika mwaka 1958 wakosoaji waliizoma, lakini ukiitazama unajua ni ya mji ule, si ya Dubai.

Kwangu mimi heshima inaanzia pale mguu unapokanyaga. Pita mjini kati mwezi wa kwanza, mvua ikishuka: chini ya barza, yaani veranda zenye dari, za maduka ya zamani unatembea kipande kirefu bila kulowa. Muuza uniti za simu kaegemea nguzo, fundi viatu kapanga visigino vyake juu ya gunia, na wanafunzi wamesongamana wakingoja mvua ipungue. Barza ni ya mwenye duka, lakini anayeitumia ni kila mpita njia. Majengo mapya yanarudi nyuma, mbele yanaweka maegesho, ukuta, halafu nyaya za miba. Ukipita hapo unahisi umefukuzwa.

Basi plani yangu inabakiza etaji mbili za mbele kwenye mstari wa majirani, na barza ya mita tatu ambayo dari yake inalingana na ya jirani. Mnara unaanzia nyuma yake.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda, maana ukiusogeza mnara nyuma unausogeza na kivuli chake. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita saa sita mchana jua liko kaskazini, kwenye nyuzi 55 hivi. Jengo la mita 45 linatupa kivuli cha karibu mita 32 upande wa kusini. Na kusini kuna uani kwa mama mmoja anayeanika mihogo. Baridi ya mwezi wa sita tunaijua! Nikaupunguza mnara upana: kivuli cha mnara mwembamba kinapita, cha mnara mpana kinakaa asubuhi nzima.

Tumebaki na kioo. Patron anataka upande wa magharibi wote uwe kioo.

"Mama, mteja wangu wiki nzima yuko Kolwezi kwenye vumbi la migodi. Akirudi anataka kuona mji wote, na chimney ya Gécamines, ile kampuni ya madini."

"Ataiona, Papa. Lakini mwezi wa kumi saa tisa, umeme ukikatika, ataiva humo ndani."

"Jenereta zipo."

"Na mafuta atanunua nani?"

Mimi nimechora roshani zenye kina, na vipingajua vya matofali ya kuchoma yenye matundu. Hapo ndipo matofali yanapopata kazi.

Barza ameikubali. Mnara mwembamba ameukubali shingo upande, kwa sababu unamnyima fleti moja kila etaji. Kuhusu kioo nimemwalika aje ofisini kwangu, ambako dirisha linatazama magharibi, saa tisa, siku yoyote ambayo umeme haupo. Kuipata siku hiyo hakutatusumbua.