Jina Nililochagua na Jina Nililopewa

Juu ya chaneli yangu ya ushonaji, kule YouTube, kumeandikwa jina la Kifaransa, refu, lenye neno élégance katikati. Nililichagua kwa makini, nikamlipa kijana mmoja anichoree nembo: sindano na uzi wa dhahabu juu ya rangi nyeusi. Nembo inanipendeza hadi leo. Jina lenyewe halina anayelitumia. Sokoni, kanisani, hata ndani ya basi la kwenda mjini, mimi ni Mama Usikate.

Limetoka kwenye video zenyewe. Kila ninapotandika kitenge mezani, kabla sijashika mkasi, husema, "Usikate bado!" Fundi anayeanza ana haraka ya mkasi. Kitenge kipya kina wanga. Kitie maji kwanza, kikauke kivulini, kipige pasi, ndipo utajua upana utakaoshona nao. Kisha tazama mchoro unaelekea wapi. Ukikata kifua ndege wakipanda na mgongo ndege wakishuka, hakuna maneno ya kumtuliza mwenye nguo. Kisha uliza juu ya ule ukingo wenye maandishi ya kiwanda. Kuna wamama wanaotaka maandishi yaonekane kwenye pindo, watu wajue kitambaa si cha kuiga. Ukiyatupa pamoja na vipande umewaondolea nusu ya raha waliyolipia. Yote hayo yamo ndani ya "usikate bado", na watoto wa barabara yetu wamelishika neno. Nikipita wananipigia kelele nalo.

Barabara yetu iko Kenya. Hapa Lubumbashi, Kongo, hilo ni jina la komini, yaani sehemu ya mji, jirani na Kamalondo na Katuba. Niliposema kwenye video moja kwamba ninashonea Kenya, mtazamaji wa Nakuru akaniuliza niko kaunti gani. Nilimweleza, tukacheka, na bado ananifuata.

Haya ya jina yamenikaa kichwani kwa sababu mdogo wangu, ambaye ndiye hunipiga video, ananisukuma nijifunze "branding", yaani kujijengea chapa. Ananitumia masomo ya Wafaransa na Wamarekani, na yote yanafanana: chagua jina, chagua rangi, jieleze kwa sentensi moja, toa video siku ileile kila wiki. Mwaka 1997 Tom Peters, mshauri wa biashara wa Marekani, aliandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu ni mkurugenzi wa kampuni ambayo ni yeye mwenyewe. YouTube haikuwapo, ilikuja 2005. Ninaelewa kwa nini wazo hilo lilipendwa huko, ambako mtu anahama mji, anabadilisha kazi, anafika mahali hana anayemjua. Kwetu mambo ni kinyume. Kabla sijawasha kamera ya simu, majirani walishajua mimi ni binti wa nani, nilijifunzia kushona kwa nani, na bei yangu inapanda kiasi gani karibu na Noeli.

Mfano ninaouamini mimi uko kwenye kitambaa. Vlisco, kiwanda cha Helmond kule Uholanzi kilichoanza mwaka 1846, huchora na kuchapa wax, yaani vitenge, na mchoro hutoka kiwandani ukiwa na namba. Jina hupewa sokoni, na wanaouza na wanaovaa. Wafanyabiashara wakubwa wa Lomé, wale wanawake walioitwa Nana Benz kwa sababu ya magari ya Mercedes waliyonunua kwa faida ya vitenge, walijua vizuri kuliko kiwanda jina lipi litauza. Ule mchoro wa mbayuwayu, huko Ghana wanausoma kuwa pesa ina mabawa. Hakuna Mholanzi aliyekaa Helmond akatunga jina la pesa inayoruka, wala yale ya michoro mingine, ya waume wenye uwezo na wake wenza wanaochunguliana. Kiwanda kilichora, kikapeleka sokoni, kikangoja. Michoro mingine iliyopewa jina zamani bado inachapwa, na mteja akija kwangu nayo haniambii namba.

Na tumtazame Kidiaba wetu, kipa wa Mazembe, timu ya hapa Lubumbashi. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Siku nne baadaye Inter Milan ilitufunga 3-0, hilo tusilizungumze sana. Waliofunga dhidi ya Internacional ni Kabangu na Kaluyituka, lakini ulimwengu uliondoka na kipa: mtu mzima ameketi nyasini, anarukaruka kwa makalio kulivuka eneo lake. Mshauri gani wa chapa angethubutu kumshauri hivyo?

Sisemi kwamba kazi haipo. Ipo, na nyingi ni ya mikono. Tunarekodi asubuhi, kabla ya pikipiki na redio za majirani, mwanga ukiingia kwa ubavu kupitia dirisha la mashariki. Mashine ya kushona inameza maneno, kwa hiyo ama nashona ama nasema. Juni na Julai kuna baridi ya kukaza vidole, na vumbi la kiangazi linakaa juu ya kitambaa cheusi hata ukipanguse vipi. Umeme ukikatika, pasi ni ya makaa na simu tunaipeleka kwa jirani mwenye sola. Video hupanda usiku, mega za intaneti zikiwa nafuu. Lile somo la siku ileile kila wiki nimeliacha. Watazamaji wangu wengi wanaishi mji huuhuu na giza lao ni hilohilo langu, hawaulizi kwa nini nimechelewa.

Mdogo wangu, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, haoni kwa nini bado naandika kwenye ukurasa huu. "Yaya, batu banapendaka kuona, habapendake kusoma." Kwa namba, ana haki. Lakini maandishi ndiyo yanayorudiwa. Fundi wa Kasumbalesa au Kalemie aliyesimama na utepe wa kupimia shingoni, mteja akimsubiri, hatatafuta dakika ya saba ya video ili ajue kwapa linashuka sentimita ngapi. Anafungua ukurasa, hata mtandao ukiwa dhaifu, vipimo viko pale. Halafu maandishi ninayo mwenyewe, nakala zake ziko kwenye diski ndani ya sanduku la vitenge. Mtandao wa Vine ulifungwa Januari 2017, na watu waliojijengea jina kwa video zake za sekunde 6 ikabidi wahame na wale watazamaji waliokubali kuwafuata. India ilizuia TikTok Juni 2020, ghafla. Mimi ni mtu wa Kongo. Najua maana ya kufunga mzigo kwa haraka.

Wengi hudhani pesa inatoka YouTube. Ili wagawane nawe matangazo ya video ndefu wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukivuka hapo, asilimia 55 ya matangazo ya video ndefu ni yako, na hulipwi mpaka ifike dola 100. Kuna pia ile namba ya kuthibitisha anwani, ambayo Google huituma kwa barua ya posta. Barua! Nimekulia barabara hii, sijamwona mtu wa posta akigonga geti. Pesa yangu hupita mlango mwingine: mtu ameona video, anakuja na kitenge chake kwenye mfuko, anasimama mlangoni anauliza, "Ni weye njo Mama Usikate?" Analipa nusu, na kama ni dola tunaigeuza noti pande zote mbili kutafuta mchaniko, maana iliyochanika hata kidogo hapa hakuna anayeipokea.

Sasa la Alhamisi. Mfanyabiashara mmoja wa vipodozi alinitafuta kwa WhatsApp. Anauza krimu za kung'arisha ngozi, mkorogo, au mekako kama tunavyosema. Alitaka nishike chupa mbele ya kamera, nusu dakika mwanzoni mwa kila video, kwa miezi mitatu. Kiasi alichotaja kingeninunulia mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa, ninayoiota. Mdogo wangu alisimama kabisa kwa furaha, na hoja yake si ya kijinga: "Yaya, habajakuomba upake. Banakuomba ushike tu."

Na kweli, wateja wangu wengi wanapaka. Siwahukumu, wengine ni mashoga zangu. Ila fundi wa nguo huona ngozi kwa karibu. Ninapima mabega, ninaona vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi, ninaona mgongo unaochubuka pale ukosi unapogusa, na ninaletewa kitenge Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote hapa, nikiombwa mikono mirefu hadi kwenye kiganja. Haidrokwinoni imekatazwa kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi katika Umoja wa Ulaya tangu 2001. Zebaki, inayowekwa katika baadhi ya krimu hizi, Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba inaharibu figo. Hayo mtu anaweza kuyasoma. Mimi nayashika kwa mikono wakati wa kupima.

Nilijaribu kupiga hesabu kama masomo yanavyotaka: je, tangazo hili linaendana na chapa yangu? Kwa lile jina la Kifaransa linaendana vizuri sana. Chupa ya dhahabu, nembo ya dhahabu, élégance. Kwa Mama Usikate haliendani hata kidogo. Huyo kazi yake ni kumshika mwenzake mkono kabla hajaharibu kitu kisichorudishika. Ashike chupa ile kwa mkono upi? Jina hilo sikulitunga mimi, kwa hiyo siwezi kulikodisha nikidhani walionipa hawataona.

Sikumwambia mdogo wangu yote hayo. Nilimwambia ovaloki itangoja. Alikula bukari na matembele kimya, akanywa maji, akatoka kwenda kuchaji simu. Nina deni kwake pia, tuseme ukweli: anashika simu, anakata video, anajibu watu usiku, na kwa sasa ninamlipa kwa mashati na nauli. Jina limekuwa langu, kazi ni yetu wawili. Hilo bado hatujalimaliza, na sijui kama litamalizika bila mmoja kununa.

Mwenye krimu nilimjibu jana kwa ujumbe wa sauti, kwa adabu, nikamtakia biashara njema. Alikaa kimya mpaka jioni. Kisha ikaja picha ya kitenge, kijani kibichi chenye maua mekundu, na maneno: "Sawa mama. Na libaya (blauzi) na sketi ya hii, ni bei gani? Ni ya ndoa ya mudogo yangu." Nikamtajia bei. Akasema ni ghali, nipunguze kwa kuwa sasa tunajuana. Sikupunguza. Akatuma picha ya pili, ya mtindo anaoutaka: mabega yaliyojaa, mgongo wazi. Nikamwongezea bei ya bitana. Anakuja Jumanne kupimwa, na amesema analeta dada zake wawili.